Tarikhi ya Viwanja Vyetu: Jamhuri, Manungu na Shamba la Bibi kwa Macho ya Mtu wa Dumila

Dumila ni mji wa njia panda. Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma, akiisha kuuvuka mto Wami pale Dakawa na kuipita Magole, huukuta umejipanga kandokando ya barabara kuu, na vichanja vyake vya nyanya na vitunguu, na magunia yake ya mpunga na mahindi, na wachuuzi wake wanaoyakimbilia mabasi kabla hayajasimama sawasawa. Kutoka hapo njia moja huelekea kusini kwenda Rudewa na Kilosa, na nyingine, ichepukayo jirani pale Magole, huelekea kaskazini kwenda Turiani, kwenye mashamba ya miwa ya Mtibwa. Mji wenyewe haukujaaliwa kuwa na uwanja mkubwa wa mpira uliotajwa vitabuni. Lakini kwa sababu ya makao yake hayo katikati ya njia, watu wake wamekuwa tangu hapo wageni na mashahidi wa viwanja vya wenzao, wakiufuata mpira Jamhuri mjini Morogoro, Manungu huko Turiani, na kwa wale waliojaaliwa nauli na jamaa wa kuwapokea, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam.

Mtu akiketi na wazee wa mji huu baada ya sala ya alasiri, au katika baraza yoyote ambamo kahawa hunywewa, hatakawia kusikia viwanja hivyo vikitajwa kwa majina yao ya zamani na kwa hamu kubwa, kana kwamba viwanja vya leo, vyenye viti vya plastiki na taa za kuchezea usiku, vimeporwa kitu ambacho fundi hawezi kukirudisha. Vijana wengi huyachukulia maneno hayo kuwa ni mazoea ya uzee, maana kila kizazi, husema wao, huona ujana wake ndio uliokuwa na chumvi. Rai yangu ni nyingine. Hamu hiyo ni tarikhi ambayo bado haijaandikwa. Na aitazamaye kwa insafu ataona kwamba ndani yake mna habari za reli, za mkonge, za viwanda, za redio na za siasa, na kwamba kinachohuzunikiwa hasa ni kupita kwa zama ambamo mtu wa kazi ya mikono alikuwa na timu yake, na mahali pake pa kusimama, na sauti yake ikahesabika miongoni mwa sauti za halaiki.

Mpira wa miguu uliingia bara kwa njia zile zile zilizoingiza kazi ya mshahara: kwa shule za misheni na za serikali, kwa kambi za askari, kwa reli na kwa mashamba makubwa. Reli ya Kati, ambayo Wadachi walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikaenda hadi Kigoma mwaka 1914. Na kila ilipoweka stesheni iliacha nyuma yake mafundi, makarani, wapiga simu na wachochezi wa makaa, watu waliotoka kabila hili na lile, waliokaa katika nyumba za mstari mmoja na kufuata saa ya kazi moja. Katika wilaya ya Kilosa mkonge ulitanda Kimamba na Rudewa, ukavuta vibarua kutoka mikoa ya mbali. Na aghalabu palipokuwa na kambi ya vibarua palifyekwa uwanja, pakasimamishwa miti miwili huku na miwili kule, na alasiri baada ya kazi watu wasiojua lugha za wenzao wakaelewana kwa mpira. Ndiyo maana katika nchi hii ya Wakaguru, Wasagara, Waluguru na Wanguu, mpira haukuwa mchezo wa kabila wala wa ukoo. Tangu mwanzo ulikuwa mchezo wa wafanyakazi, na mashabiki wake walijumuika kwa kazi waliyoifanya na mahali walipoifanyia.

Dalili ya jambo hilo ni majina ya timu za Morogoro, ambayo hadi leo yakitajwa huwa kama orodha ya waajiri wa mji. Palikuwapo Reli, ya wafanyakazi wa reli, iliyozisumbua timu kubwa za Dar es Salaam hata ikapewa lakabu ya Kiboko ya Vigogo. Palikuwapo Tumbaku, iliyochukua jina lake katika kiwanda cha tumbaku, na ambamo alipitia Zamoyoni Mogella kabla ya kwenda Simba na kuwa miongoni mwa washambuliaji waliopendwa mno nchini. Palikuwapo Polisi. Na palikuwapo Mseto, ambayo mwaka 1975 ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kuupata tangu ligi ya taifa ianze mwaka 1965; jambo ambalo watu wa Morogoro hawajaacha kulisimulia, na wana haki ya kulisimulia, kwani kabla yake kombe hilo lilikuwa limezunguka mikononi mwa Yanga, Simba iliyokuwa ikiitwa Sunderland hadi mwaka 1971, na Cosmopolitans, wote wa mji mmoja.

Makao ya fahari hiyo yalikuwa Uwanja wa Jamhuri, uliomo ndani ya mji wa Morogoro, na safu ya Uluguru ikiinuka karibu yake hivi kwamba mtazamaji akiinua macho kutoka kwenye mpira huyaona mawingu yakishuka mlimani. Kwa mtu wa Dumila kwenda Jamhuri kulikuwa ni safari ya kilomita zinazopindukia 60, na zama ambazo mabasi yalikuwa machache safari hiyo ilifanywa juu ya lori la mazao. Mkulima aliyekuwa na magunia ya kuuza aliipanga siku yake ya soko iangukie siku ya mechi, akashusha mzigo asubuhi, akapokea fedha zake, akanunua sabuni, chumvi na mafuta ya taa aliyoagizwa nyumbani, na mchana ulipogeuka akajiunga na foleni ya tiketi huku furushi lake likiwa chini ya kwapa. Nje ya ukuta alimkuta muuza kahawa mwenye birika juu ya jiko la mkaa, akivigonganisha vikombe vyake kiganjani ili kuita wateja, na kashata zimepangwa katika sinia. Akawakuta wauza karanga na wauza miwa. Akawakuta watoto wasio na kiingilio wakiupima mwembe kwa macho, ni tawi lipi litawabeba na ni lipi linaonesha goli. Ndani, mistari ya chokaa ilikuwa ingali mibichi. Wenye nafasi waliketi jukwaa kuu chini ya paa, na umma uliobaki ukajaza mzunguko, juani, bega kwa bega, mwalimu na kibarua, dereva na mpasua mbao, wakishauriana na wachezaji kwa sauti ya juu kana kwamba kila mmoja wao ni mwalimu wa timu.

Ni katika mzunguko huo ndipo elimu ya mpira iliposomeshwa. Mgeni alijifunza hapo nani ni mtoto wa nani, mchezaji gani anafanya kazi karakana ya reli na atarudi kazini kesho yake asubuhi, refa gani ana uso mgumu, na kwa nini fulani aliacha Tumbaku akaenda Dar es Salaam. Mchezaji hakuwa mtu wa picha. Alikuwa jirani, mtu aliyekopa dukani na kuhudhuria maziko. Akikosa goli la wazi alilisikia jambo hilo Jumatatu kutoka kwa wenzake wa zamu, na akifunga alisindikizwa hadi mlangoni kwake kwa nyimbo. Kwa hiyo mzee anaposema kwamba mpira wa zamani ulikuwa na ladha, asihesabiwe kuwa anasifu ufundi wa miguu peke yake, maana huenda wa leo wana mbio na maarifa zaidi. Anasifu ujirani uliokuwapo kati ya aliyecheza na aliyetazama.

Ujirani huo ulikuwa na msingi wa uchumi, na msingi huo ulipotikisika nao ukatikisika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilikusudia kuufanya Morogoro kuwa mji wa viwanda, na katika miaka ya 1970 na 1980 vikajengwa viwanda vya viatu, vya ngozi, vya turubai, vya nguo na vya mafuta ya kupikia, vikaongezeka juu ya kile cha tumbaku na karakana za reli. Shirika la umma katika zama hizo liliona kuwa timu ya mpira ni sehemu ya ustawi wa wafanyakazi, sawa na zahanati na duka la ushirika: mchezaji aliajiriwa, akapewa ruhusa ya mazoezi, akabebwa kwa gari la kazi. Vingi vya viwanda hivyo vilizorota upesi, vingine havikupata hata siku moja kuzalisha kwa kadiri iliyokusudiwa, na miaka ya 1990, mashirika yalipouzwa au kufungwa, timu zilizoyategemea zilipoteza mlezi. Hapo ndipo majukwaa ya Jamhuri yalipoanza kuonekana mapana kuliko watu wake. Mtu hawezi kuieleza huzuni ya mashabiki wa Morogoro pasipo kuutaja ukimya wa ving'ora vya viwandani.

Dar es Salaam nako kulikuwa na uwanja wa namna yake, ulioitwa Uwanja wa Taifa, na katika vinywa vya mashabiki Shamba la Bibi, ambao sasa jina lake rasmi ni Uwanja wa Uhuru. Hapo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Waingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa, mbele ya Mwalimu Nyerere na mwanamfalme Philip aliyemwakilisha Malkia. Na hapo hapo, mwezi Oktoba 1999, taifa likakusanyika kumuaga Mwalimu huyo huyo akiwa jenezani. Ni viwanja vichache duniani vilivyobeba kuzaliwa kwa taifa na kuagwa kwa mwasisi wake, kisha katikati ya mambo hayo mawili vikabeba furaha na majonzi ya kila Jumamosi.

Lakini watu wengi wa Dumila waliujua uwanja huo kwa masikio kabla ya kuujua kwa macho, na wapo waliokufa bila kuuona. Televisheni kwa wote haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Kwa takriban miaka 30 kabla ya hapo uwanja ulikuwa sauti, na sauti hiyo ilitoka Radio Tanzania Dar es Salaam kwa vinywa vya watangazaji kama Ahmed Jongo na Mshindo Mkeyenge, waliokuwa na kipaji cha kumwambia msikilizaji mpira uko upande gani, jua liko wapi, na jukwaa lipi limesimama, hata mtu aliyekaa chini ya mti kilomita mamia kutoka huko akaziona nyasi. Redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Mwenyewe aliitoa nje mapema, akaiweka juu ya kiti ili isikike, na betri zilizokuwa zimechoka zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi zipate kurudisha nguvu. Watu wakaizunguka kwa adabu, na aliyekohoa wakati wa kona alitazamwa vibaya. Betri zilipokata pumzi dakika ya 80 ndipo mtu alipofahamu maana ya subira, maana matokeo aliyangoja hadi taarifa ya habari, na kama betri hazikufufuka aliyangoja hadi basi la kesho yake litokalo Dar es Salaam.

Kwa njia hiyo uliingia Dumila ushindi wa Yanga wa mabao 5 kwa 0 dhidi ya Sunderland, tarehe 1 Juni 1968, na malipo yake ya tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6 kwa 0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Kwa njia hiyo yaliingia maajabu ya mwaka 1979, Simba ilipofungwa 4 kwa 0 na Mufulira Wanderers nyumbani, watu wakazima redio kwa aibu, kisha ikaenda Zambia na kushinda 5 kwa 0. Na mwaka huo huo Taifa Stars ilipoishinda Zambia 1 kwa 0 Dar es Salaam na kutoka sare ya 1 kwa 1 huko Ndola kwa goli la Peter Tino, nchi ikapata tiketi yake ya kwanza ya fainali za Mataifa ya Afrika, zilizochezwa Nigeria mwaka 1980. Na kwa njia hiyo pia iliingia huzuni ya Novemba 1993, Simba ilipokwisha kurudi na sare kutoka Abidjan, ikabaki mechi moja tu nyumbani kuchukua Kombe la CAF, na Stella, timu ya huko, wakaja wakashinda 2 kwa 0 mbele ya uwanja uliofurika. Wana wa Dumila wanaoulilia uwanja ambao hawakuukanyaga hawasemi uongo. Waliujenga wenyewe ndani ya vichwa vyao, safu kwa safu, na jengo la namna hiyo huwa gumu kubomoka.

Baadaye mambo yaligeuka kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia, na utukufu ukaja karibu na nyumbani. Timu ya kiwanda cha sukari cha Mtibwa, iliyoundwa mwaka 1988, ilipanda hadi ligi kuu, na mwaka 1999, kisha tena mwaka 2000, ikawa bingwa wa Tanzania Bara, ilhali timu nyingine nyingi za wafanyakazi zilikuwa zimekwisha kufa au zimo kitandani. Uwanja wake ni Manungu, uwanja mdogo uliozungukwa na miwa, na milima ya Nguu ikionekana kwa mbali; na njia ya kuufikia ni kuchepuka hapa jirani, pale Magole. Siku Simba au Yanga walipokuwa na mechi Manungu, Dumila na Magole ziliijua habari hiyo tangu alfajiri kwa wingi wa magari yaliyopeperusha bendera, na vyakula vya njiani vilikwisha kabla ya saa ya adhuhuri. Wakubwa wa Dar es Salaam, waliozoea kuwaita wenzao waje, walilazimika kupita katika vumbi letu, kununua ndizi zetu na kuuliza njia. Katika uwanja ule mtazamaji alikuwa karibu sana na mstari, akaisikia pumzi ya mchezaji na maneno ya walimu wa timu.

Lakini zama za leseni za viwanja ziliikuta Manungu ikiwa kama ilivyo. Kanuni za ligi zinataka vyumba vya kuvalia vya namna fulani, eneo la kuchezea la namna fulani, na majukwaa ya kutosha. Na kuna misimu ambayo Mtibwa ilibidi icheze mechi zake za nyumbani Jamhuri au kwingineko. Timu yenyewe iliendelea kuwa na heshima, ikatwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2018, lakini mwisho wa msimu wa 2023/24 ikashuka daraja baada ya kukaa ligi kuu zaidi ya robo karne. Walioishi wakiiona hawakuyasahau magari yale.

Huko Dar es Salaam, mwaka 2007, ulifunguliwa uwanja mpya wenye viti 60,000, uliojengwa kwa msaada wa China ubavuni mwa ule wa zamani, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa kwa jina la Benjamin Mkapa. Na Shamba la Bibi likavuliwa jina lake la Taifa, likabaki kuwa mdogo wa mgeni aliyekuja jana. Zanzibar, Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ulikarabatiwa ukafunguliwa upya Desemba 2023 na kuwa miongoni mwa viwanja vya kupendeza katika Afrika ya Mashariki. Kampala, Uwanja wa Nakivubo, uliokuwa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani, ulibomolewa mwaka 2017 na kujengwa upya na mfanyabiashara, ukiwa umezungushiwa maduka. Na sasa, kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kwa pamoja kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, nyundo na mashine ziko kazini katika miji mingi, na hapana shaka kwamba viwanja vingine vya mikoa vitafuata. Huko Brazil, katika uwanja wa Maracanã uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 1950, mahali pa kusimama palipoitwa geral, ambapo maskini waliingia kwa fedha kidogo, palifungwa mwaka 2005 katika matengenezo; na wapenzi wa mpira wa nchi ile wanapasimulia kama wazee wetu wanavyosimulia mzunguko.

Haki haikubali tuache kusema neno la upande wa pili. Viwanja vya zamani viliua. Mwaka 2001 watu 126 walikufa katika uwanja wa Accra, polisi walipofyatua mabomu ya machozi na milango ikawa imefungwa. Na hapa kwetu, mwezi Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano wa Uwanja wa Uhuru huo huo, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Mwanamke aliyetaka kutazama mpira zamani alikosa choo cha staha na alivumilia matusi. Mlemavu hakuwa na njia ya kupandia. Na mvua ilipomkuta mtu wa mzunguko ilimkuta kweli. Asemaye kwamba viwanja viachwe kama vilivyokuwa kwa ajili ya kumbukumbu za watu wachache hakuwapenda watu hao, amezipenda kumbukumbu. Kiti chenye namba, mlango mpana, paa na taa ni neema, na mwenye kuvileta anastahili shukurani.

Hata hivyo neema hizo zikishuka pasipo mashauri huweza kumwondoa yule yule aliyeufanya uwanja kuwa uwanja. Mahali palipokuwa pa kusimama watu watatu pakiwekwa kiti kimoja, bei hupanda. Bei ikipanda, muuza vitunguu wa Dumila hurudi kwenye redio, au kwenye kibanda cha kuoneshea mpira, ambako hulipa kidogo aone mchezo wa London badala ya wa Morogoro. Tena viwanja vyetu vingi vya mikoa, Jamhuri ikiwamo, ni vya zama za chama kimoja, na vilibaki mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992. Uwanja uliotumiwa na umma wa kila rai na kila dini kwa miaka mingi una deni kwa umma huo, awe mmiliki wake wa leo ni nani, na deni la namna hiyo hulipwa kwa kuwashirikisha watu kabla ya kuvunja, si kwa kuwaalika siku ya kukata utepe.

Jambo la pili ni kumbukumbu zenyewe. Tumezoea kuziacha mikononi mwa wazee na katika masanduku ya nyumbani, na nyumba zetu si ghala za kuaminika. Dumila inalijua hilo kuliko miji mingi: Januari 2014 mto Mkundi ulifurika, ukakata daraja na barabara kuu, ukaingia katika makazi ya Dumila na Magole, na maelfu ya watu wakabaki pasipo pa kulala. Nyumba ikienda na maji, sanduku la picha, kadi ya uanachama wa klabu na kipande cha gazeti cha mwaka 1975 huenda nayo, na hakuna mfadhili awezaye kuvileta pamoja na mahema na unga. Kinachobaki hapo ni kauli ya mzee, na mzee naye ana ajali yake.

Kwa hiyo wito wangu kwa wenye viwanja, kwa vyama vya mpira vya mkoa na wilaya, na kwa walimu wa historia katika shule za Morogoro, Mvomero na Kilosa, ni huu. Kabla nyundo haijainuliwa Jamhuri, au Manungu, au popote pengine, wakusanywe waliocheza na waliotazama, wahojiwe na sauti zao zihifadhiwe. Picha zinakiliwe na kurudishwa kwa wenyewe. Na ndani ya kila uwanja mpya itengwe sehemu ya ukuta yenye orodha ya mabingwa, ili mtoto aingiaye asome kwamba Mseto ilikuwa bingwa mwaka 1975, na Mtibwa mwaka 1999 na 2000. Jina ambalo watu wamelizoea lisibadilishwe pasipo sababu yenye uzito. Na katika kila uwanja ujengwao upya ibaki sehemu isiyo ya kifahari, salama lakini ya kiingilio chepesi, ambayo mkulima aliyeuza magunia yake sokoni asubuhi ataweza kuilipia alasiri na bado akabakiwa na fedha ya sabuni na nauli ya kurudia Dumila. Uwanja utakaokosa sehemu hiyo, hata ukiwa mzuri kiasi gani, utakuwa umejengwa kwa ajili ya watu wengine.